Jina la Mtoto Liwe Daftarini

Liko swali moja ambalo siku hizi husikika katika maduka ya Makambako, katika ofisi za Njombe mjini, na hata katika vijiji vya wakulima wa chai na viazi. Nalo ni hili: Je, mzazi aweza kumfundisha mtoto wake nyumbani, asimpeleke shule, na sheria isimguse? Na kama aweza, kazi hiyo itamgharimu kiasi gani? Wako wanaouliza kwa sababu wana fedha na hawaridhiki na madarasa yaliyojaa watoto. Wako wanaouliza kwa sababu mtoto wao ni mlemavu au mgonjwa, na njia ya kwenda shule ni ndefu. Na wako wasiouliza kabisa, bali wamekwisha mbakiza mtoto nyumbani, na jirani akitaka kujua hujibiwa kwamba mtoto anasomea huko huko.

Sisi twaona kwamba swali hili lastahili jibu la wazi. Likijibiwa kwa kunong'onezana, atakayeumia hatakuwa mzazi wala mtendaji wa kijiji. Atakayeumia ni mtoto, ambaye hakuulizwa.

Tuanze na sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ambayo katika vitabu vya sheria za nchi ni Sura ya 353, ilipotungwa ilisema katika kifungu chake cha 35 kwamba ni lazima kila mtoto aliyetimiza miaka 7, na ambaye hajafikisha miaka 13, aandikishwe kwa elimu ya msingi. Haikuishia hapo. Ilimtwika mzazi wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto aliyeandikishwa anahudhuria shule mpaka amalize. Maneno hayo hayakuandikwa kwa kubahatisha. Mwezi Novemba 1974 lilitoka Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto wa nchi hii apate elimu ya msingi ifikapo Novemba 1977. Wengi waliona jambo hilo haliwezekani. Palifundishwa walimu vijijini, pakajengwa madarasa kwa nguvu za wananchi, watoto wakasoma chini ya miti. Sheria ya 1978 ilikuja kulitia muhuri jambo ambalo wananchi walikuwa wamekwisha lianza kwa mikono yao.

Baadaye ikaja Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, nayo ikayaandika majukumu ya mzazi waziwazi: chakula, makazi, mavazi, matibabu, na pamoja na hayo elimu na malezi. Mzazi anayemnyima mtoto elimu amehesabiwa na sheria hiyo pamoja na yule anayemnyima chakula. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo lake la mwaka 2023 lililozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imepanua lazima hiyo. Yataka mtoto aanze darasa la kwanza akiwa na miaka 6, na elimu ya lazima iwe ya miaka 10, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Kwa hiyo mzazi anayetaka kujua sheria yaelekea wapi asidhani kwamba kamba inalegezwa. Inakazwa.

Wako watakaotuonyesha Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 11, inayompa kila mtu haki ya kujielimisha na kutafuta elimu katika fani aipendayo. Twaiheshimu ibara hiyo. Lakini tuisome vizuri: haki hiyo ni ya yule anayesoma. Hatuoni kwamba yampa mtu mzima ruhusa ya kumweka mtoto wa miaka tisa jikoni akisema anajielimisha.

Basi, jibu la sheria ndilo hili. Mzazi yu huru kabisa kumfundisha mtoto wake nyumbani jioni, siku za mapumziko na wakati wa likizo, kumwajiri mwalimu wa kumsaidia hisabati, kumnunulia vitabu na kumsomea hadithi. Hakuna sheria imkatazayo. Wazee wetu walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mafunzo ya mama hayahitaji kibali. Lakini kuiweka nyumba badala ya shule, kwa mtoto aliye katika umri wa lazima, ni jambo jingine. Katika sheria tulizozitaja hatuoni mlango uliotengenezwa kwa ajili ya hilo. Hakuna utaratibu wa mzazi kuomba nyumba yake itambuliwe, wala wa mkaguzi kuja kuona mtoto amefika wapi. Mzazi anayefanya hivyo anatembea nje ya njia, hata kama nia yake ni njema kama asali.

Na ajihadhari pia yule anayewaza kuwakusanya watoto wa majirani sebuleni mwake. Shule katika nchi hii haianzishwi kwa kupenda tu. Lazima ipate kibali, iandikishwe, na walimu wake wawe na sifa zinazotambuliwa. Nyumba inayofundisha watoto wa watu kwa malipo bila hayo ndiyo iitwayo na wananchi shule bubu, na shule bubu ikifungwa, ada iliyokwisha lipwa ni shida kurudi.

Sasa tutazame jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii mpaka siku limewafikia. Mtoto wa shule ya msingi huwa na namba. Walimu huiita namba ya Prem, nayo hufungamana na kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Tanzania, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kwa namba hiyo mtoto hupimwa katika darasa la nne. Kwa namba hiyo hufanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao kwa miaka mingi umefanyika katika darasa la saba. Kwa namba hiyo huhamishwa mzazi wake anapohama kutoka Njombe kwenda Makambako, au kutoka Makambako kwenda Mbeya. Na kwa matokeo yake hupangiwa nafasi katika sekondari ya Serikali.

Mtoto aliyefundishwa nyumbani tangu utotoni hana namba hiyo. Aweza kuwa anajua kusoma kuliko wenzake wote wa mtaani. Aweza kuwa anazungumza Kiingereza kama maji. Lakini siku majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza yanapotangazwa, jina lake halimo, kwa sababu halikuwamo tangu mwanzo. Serikali haiwezi kumchagua mtu isiyemjua.

Ipo njia ya pembeni. Baraza la Mitihani huwapokea watahiniwa wa kujitegemea. Uko Mtihani wa Maarifa, uliobuniwa kwa ajili ya watu waliokosa sekondari ya kawaida, na anayeufaulu aweza baadaye kuufanya mtihani wa kidato cha nne. Ada yake katika miaka ya karibuni imekuwa shilingi 30,000 kwa Mtihani wa Maarifa na shilingi 50,000 kwa mtihani wa kidato cha nne, na anayechelewa kujiandikisha hulipa zaidi. Iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo sheria yake ni ya mwaka 1975, inayowasaidia wanaosoma nje ya shule. Uko pia mpango wa MEMKWA, ulioanza kwa majaribio mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kuwarudisha watoto walioikosa elimu ya msingi. Njia hizi ni nzuri, na zimewainua wengi waliokuwa wameanguka. Lakini zilijengwa kwa ajili ya aliyekosa, na mzazi mwenye busara hamwandalii mwanawe kukosa ili apate kuokolewa. Na yule anayefuata mtaala wa nchi nyingine ajue kwamba matokeo ya nje, mtoto akitaka kuendelea na masomo hapa nchini, yatahitaji kulinganishwa na Baraza hilo hilo.

Tuje kwenye gharama, kwa kuwa hapa ndipo wengi hujidanganya. Husikia mtu akisema: shule zina michango mingi, afadhali nimfundishe mwenyewe nyumbani bure. Tufanye hesabu pamoja.

Mwaka wa masomo katika Tanzania una siku 194. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mzazi wa Makambako amempata kijana aliyemaliza chuo cha ualimu na hajaajiriwa, naye amekubali kuja kumfundisha mtoto kwa shilingi 5,000 kwa siku. Kwa mwaka mmoja mzazi huyo atalipa shilingi 970,000. Kwa miaka sita ya elimu ya msingi atalipa shilingi 5,820,000. Hapo hatujahesabu vitabu, daftari, kalamu, ubao, taa ya kusomea, wala chai ya mwalimu. Wala hatujahesabu kwamba kijana huyo, siku atakapopata ajira ya Serikali, ataondoka na mtoto abaki katikati ya kitabu.

Mwingine atasema: sitaajiri mtu, mama yake atamfundisha. Vyema, lakini je, wakati wa mama hauna thamani? Asubuhi ya mama wa Lupembe ni chai isiyochumwa. Asubuhi ya mama mwenye genge karibu na stendi ya Makambako ni wateja wanaokwenda kwa jirani. Tena mama huyo awe mjuzi wa Kiswahili, Kiingereza, hisabati na sayansi, kwa kila darasa, mwaka hadi mwaka, na awe na subira ya kutosha asimpige mtoto anapokosea. Wako kina mama wa namna hiyo, nasi twawasifu, lakini si kila nyumba inaye.

Kwa upande wa pili iko shule ya Serikali. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001. Tangu Januari 2016 elimu imekuwa bila ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafikishwa kidato cha sita. Serikali hutenga kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi shilingi 10,000 kwa mwaka, na kwa wa sekondari shilingi 25,000. Fedha hizo ni kidogo, wala hatuoni haya kulisema. Bei ya rimu moja ya karatasi yajulikana na kila mwalimu mkuu. Na elimu bila ada si elimu bila gharama: sare ni ya mzazi, daftari ni za mzazi, viatu ni vya mzazi, na sweta katika baridi ya Njombe ya mwezi Juni na Julai si pambo. Mwezi Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni, kwa sababu palikuwa na watoto wanaofukuzwa darasani kwa ajili yake. Mahali popote ambapo michango hiyo imerudi kwa jina jingine, huko ndiko mzazi maskini anakopata hoja ya kumbakiza mtoto nyumbani, na wanaoirudisha wajue kwamba wanashiriki katika kosa lake.

Walakini hata mzazi akivijumlisha vyote hivyo, sare na daftari na viatu na sweta, hatafika mbali na kuikaribia ile shilingi 970,000. Nyumba si shule ya bure. Ni shule ya ghali kuliko anavyodhani, au si shule kabisa.

Taifa zima lilipata kulijaribu jambo hili. Tarehe 17 Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa zote mpaka tarehe 29 Juni. Kwa muda wa zaidi ya miezi mitatu kila nyumba ilikuwa shule. Masomo yalitangazwa katika redio na televisheni, na Taasisi ya Elimu Tanzania iliweka vitabu katika mtandao. Mwenye televisheni, umeme na mzazi aliyesoma alipata chochote. Asiye na hivyo vitatu alichunga ng'ombe. Ile ilikuwa dharura, na hapana wa kulaumiwa. Lakini funzo lake lisisahauliwe: nyumba zetu hazilingani, na shule, pamoja na kasoro zake zote, ndiyo mahali pekee ambapo mtoto wa mwenye lori na mtoto wa mbeba mbao huketi kwenye dawati moja.

Baada ya kusema hayo, hatutaki kuonekana kwamba twawagombeza wazazi bila kusikia sababu zao. Sababu nyingine ni nzito. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwezi Januari 2019 mkoa wa Njombe ulipatwa na msiba ambao nchi nzima iliulilia, watoto wadogo walipouawa na watu wasio na utu. Siku zile wazazi waliacha kazi zao wakawasindikiza watoto mpaka mlango wa darasa, na wengine wakaogopa kuwatoa nje. Nani angethubutu kumwambia mama wa siku zile kwamba amevunja sheria? Hofu ya njia ni hofu ya kweli. Iko pia katika milima ambako mtoto hutoka nyumbani gizani katika ukungu na kurudi jioni. Dawa ya hofu hiyo ni njia iliyo salama na shule iliyo karibu. Watu wa Njombe hawahitaji kufundishwa hilo, maana tangu miaka ya 1980 wamejulikana kwa kujichangia wenyewe na kujenga shule za sekondari pale ambapo Serikali ilikuwa haijafika.

Iko pia nyumba ya bibi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoani Njombe watu 12.7 katika kila mia, wenye umri wa miaka 15 na zaidi, wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kwa miaka mingi ugonjwa huo umewaacha wazee wakilea wajukuu. Mjukuu wa miaka kumi anayembakia bibi yake aliyelala kitandani, akamchotea maji na kumpikia uji, hasomei nyumbani. Anauguza. Kumpeleka bibi huyo mbele ya baraza kwa kosa la kutompeleka mtoto shule ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Lakini kumwacha mtoto huyo bila mtu yeyote kuliandika jina lake ni kosa kubwa zaidi.

Na iko nyumba ya mlemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, imempa mtoto huyo haki ya kusoma pamoja na wenzake. Lakini haki hiyo haitembei yenyewe. Ikiwa shule iko kilima cha pili, na mtoto hana kiti cha magurudumu, na darasa lina ngazi, mzazi afanye nini? Hapa twakiri kwamba kumfundisha nyumbani kwaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kumfundisha. Mzazi huyu asifichwe na wala asijifiche. Yapasa apewe msaada, na mwalimu wa shule ya karibu ajue kwamba yuko mwanafunzi wake mmoja ambaye darasa lake ni chumba cha mama yake.

Sasa tuseme habari ya nyumba ya mwisho, ambayo ndiyo inayotuumiza zaidi. Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu ya kwenda Zambia hukutana na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA hupita hapo. Mahali pa namna hiyo mali hupita, na watoto nao hupita. Kwa miaka mingi nyumba za Dar es Salaam zimewatafuta watumishi wa ndani kutoka vijiji vya Iringa na Njombe. Huja mtu mwenye maneno mazuri, akamwambia mzazi: nipe binti yako, atakaa kwangu kama mwanangu, atanisaidia kazi ndogo ndogo, na nitamsomesha huko huko nyumbani. Mzazi hufurahi. Binti hupanda basi. Masomo yale huwa ni kufua, kupika, kulea mtoto wa mwenzake, na kulala wa mwisho.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, imekataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Kila mtu alijue hilo, mwenye kumpeleka, mwenye kumpokea na mwenye kupokea nauli. Wala tusidhani kwamba ni Dar es Salaam peke yake. Mtoto anayechimba viazi siku za shule, anayebeba mbao katika mashamba ya miti, au anayeuza karanga kwenye madirisha ya mabasi saa nne asubuhi, naye wakati mwingine husemwa kwamba anasomea nyumbani. Maneno yale yale ambayo mzazi mwenye nia njema huyatumia kwa ajili ya mtoto wake mgonjwa, huyo mwingine huyatumia kuuficha utumwa. Na hakuna awezaye kuwatofautisha kwa kuwatazama kutoka barabarani.

Ndipo tunapofika kwenye neno letu. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Kama mali iko hivyo, mtoto je? Mahali mtoto anaposomea paweza kujadiliwa. Jambo lisilojadiliwa ni kwamba jina lake liwe daftarini, na awepo mtu mzima, asiye mzazi wake wala bwana wake, aliye na wajibu wa kuuliza: mtoto huyu yuko wapi leo, na amejifunza nini?

Mataifa mengine nayo yamelikuta jambo hili. Ujerumani hushikilia kwamba mtoto lazima aende shule, na mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikataa malalamiko ya wazazi waliotaka kufundisha nyumbani. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, yamdai mzazi amwandikishe mtoto shuleni. Afrika Kusini, kwa Sheria ya Shule ya mwaka 1996, yamruhusu mzazi kufundisha nyumbani, lakini kwa sharti la kuomba na kuandikishwa. Uingereza, ambako sheria ya mwaka huo huo wa 1996 humruhusu mzazi kumwelimisha mtoto nje ya shule, iliishi miaka mingi bila daftari la watoto hao, na mwezi Desemba 2024 Serikali yake ilipeleka Bungeni mswada wa kuliweka. Nchi yenye uhuru mkubwa wa mzazi iliona yenyewe kwamba uhuru usio na daftari una hatari.

Twajua watakaosema kwamba mtoto ni wa mzazi, na Serikali isiingie sebuleni mwa watu. Twawajibu kwa adabu kwamba hatutaki Serikali iingie sebuleni. Twataka mtoto aweze kutoka sebuleni. Mzazi anayemfundisha vizuri hana la kuogopa katika kuandikwa jina, kama vile mwenye duka mwaminifu asivyoogopa mizani. Anayeogopa kuandikwa, huyo ndiye hasa tunayemtafuta.

Kwa hiyo twapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, kila mzazi wa Njombe na Makambako mwenye mtoto wa umri wa shule amwandikishe katika shule iliyoandikishwa, ya Serikali au ya binafsi, hata kama anakusudia kumwongezea mafunzo mengi nyumbani. Aliyepitwa na wakati asione haya. Aende kwa mwalimu mkuu au kwa Afisa Elimu Kata, aulize nafasi ya MEMKWA. Kuchelewa si kosa kubwa kama kutokwenda kabisa.

Pili, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji na mtendaji wa kijiji, ambao hujua ni nani amechimba choo na ni nani hajachimba, wajue pia ni mtoto yupi hayuko shuleni. Kila mwezi Januari orodha ya watoto wa kitongoji iwekwe kando ya orodha ya shule, na jina linalokosekana lifuatwe mpaka mlangoni, kwa swali kabla ya adhabu. Afisa Ustawi wa Jamii atangulie, na mgambo awe wa mwisho.

Tatu, halmashauri za miji ya Njombe na Makambako, na za wilaya jirani, ziwaangalie wasafiri wadogo katika stendi. Binti wa miaka kumi na mbili anayesafiri siku ya masomo na mtu asiye wa ukoo wake aulizwe barua ya uhamisho wa shule. Hilo ni jambo dogo kwa kondakta na askari, lakini laweza kuokoa maisha ya mtu.

Nne, Wizara ya Elimu na Bunge, wakati sheria zinapolinganishwa na sera mpya, waseme neno wazi juu ya mtoto asiyeweza kufika shule. Iwekwe kanuni ya kumwandikisha katika shule ya karibu akiwa anafundishwa nyumbani, kwa cheti cha daktari au kwa ruhusa ya Afisa Elimu, apate namba yake, vitabu vyake, mwalimu wa kumtembelea na nafasi ya kufanya mtihani. Kanuni hiyo iwe nyembamba kiasi cha kumzuia mdanganyifu, na iwe pana kiasi cha kumpitisha mwenye kiti cha magurudumu.

Tano, wakuu wa shule wasimfukuze mtoto kwa ajili ya mchango. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya shilingi elfu mbili amefundishwa siku hiyo kwamba shule si yake, na somo hilo hushika kuliko masomo mengine yote.

Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, daftari na watu wasioona taabu kubisha hodi. Mtoto wa Uwemba na wa Lyamkena, wa Luponde na wa Kitandililo, awe na afya au asiwe nayo, awe na wazazi au awe na bibi, ana haki ya kuitwa jina asubuhi na mtu akasikiliza kama ameitika. Siku jina lake likiitwa na asiitike, yupo atakayevaa koti lake, akapanda kilima, akaulize kwa nini.